Wanakondoo wa jicho moja na kansa iendayo polepole

Mwaka 2027 zinatimia karne mbili tangu Arthur Jacob, daktari wa macho wa Dublin, Ireland, achapishe habari za kidonda cha ajabu kilichokuwa kikila kope na nyuso za wagonjwa wake. Hakikuwauma sana. Kilikwenda polepole, mwaka hadi mwaka, na mwenye nacho akaendelea na shughuli zake. Mwaka 1903 Ödön Krompecher wa Budapest alikitaja kuwa ni kansa yenye seli zinazofanana na zile za tabaka la chini kabisa la ngozi ya juu. Miaka ya 1930 Frederic Mohs wa Wisconsin akaanza kuiondoa tabaka baada ya tabaka, kila kipande kikipita kwenye hadubini mpaka mizizi iishe.

Hayo madaktari wanayajua. Kisa kinachostahili kusimuliwa zaidi kilianzia zizini.

Miaka ya 1950 wafugaji wa Idaho, magharibi mwa Marekani, walikuwa wakizalisha wanakondoo wenye jicho moja katikati ya uso. Kwanza walishuku kasoro ya kurithi, na mfugaji gani atakwenda sokoni kutangaza kwamba mbegu yake ni mbovu? Watafiti wa idara ya kilimo, wakiwemo Wayne Binns na Lynn James, waliitwa. James alipanda milimani akakaa na kondoo malishoni, akiangalia wanakula nini. Mkosaji alikuwa mmea uitwao Veratrum californicum. Kondoo jike akiula siku ya 14 ya mimba, mama anabaki mzima ila mtoto anaharibika. Dawa ya wafugaji ikawa rahisi: kuwaweka kondoo wenye mimba changa mbali na malisho hayo. Mwenzao Richard Keeler akaitenga sumu yenyewe, ikaitwa saiklopamini. Kisha ikakaa kabatini, kwani nani angehangaika na sumu ya kondoo?

Mwaka 1980, huko Heidelberg, Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walieleza jeni ya nzi ambayo ikiharibika, buu huota vimiba mwili mzima. Wakaipa jina la kalunguyeye. Mwaka 1996 ikabainika kwamba watu wa koo fulani, wanaoota kansa ile ya Jacob kwa wingi tangu ujanani, wamerithi hitilafu kwenye breki ya ishara inayotokana na jeni hiyo. Miaka miwili baadaye ikaonekana kuwa saiklopamini huizima ishara hiyo. Ikizimwa tumboni, mtoto hukosa jicho la pili. Ikikosa kuzimika ngozini, kansa huota. Januari 2012 Marekani iliidhinisha vismodegib, kidonge kinacholenga njia hiyohiyo, kwa wagonjwa ambao kisu na mionzi haviwafai. Mjamzito haruhusiwi kukimeza, kwa sababu ambayo wachungaji wa Idaho wangeielewa mara moja.

Chanzo kikubwa cha kansa hii ni jua, na jua letu halina huruma kwa wenye ualbino. Kwao kansa nyingine ya ngozi, ya seli bapa, huua zaidi, lakini hii nayo ipo. Kila Juni 13, siku yao ya kimataifa, hotuba hazikosekani. Mafuta ya kukinga jua ndiyo hukosekana, ingawa hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, imeonyesha kwamba yanaweza kutengenezwa hapahapa, yakaitwa Kilisun. Mkorogo wa kujichubua umepigwa marufuku lakini hauadimiki. Losheni ya kumkinga mtoto mwenye ualbino inasubiri mfadhili. Hilo ni jambo la aibu.

Wenye ngozi nyeusi hupata kansa hii mara chache, na mara nyingi kwao huwa na rangi nyeusi, ikadhaniwa ni baka la kuzaliwa. Kinundu king'aacho usoni, au kidonda kinachotoa damu, kikafunga, kisha kikafumuka tena kwa wiki kadhaa, kionyeshwe kwa daktari. Kikiwa kidogo hukatwa kwa sindano ya ganzi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo.