Kutoka Uraibu hadi Upataji Nafuu: Jitihada za Jamii za Pwani dhidi ya Ulevi wa Dawa na Maradhi ya Akili

Historia ya ulevi na ya maradhi ya akili katika Afrika ya Mashariki imeandikwa zaidi na matabibu na maofisa wa sheria, nao kwa desturi ya kazi zao walitazama dalili, makosa na hukumu. Lakini iko kumbukumbu nyingine isiyowekwa katika majalada ya serikali, nayo ni lugha yenyewe. Kila jamii ilipokabiliwa na balaa hili ilitafuta neno la kumwita mtu aliyepatwa, na aghalabu neno hilo ndilo lililoamua mtu huyo ni wa nani: wa jamaa zake, wa mganga, wa hospitali au wa gereza. Madhumuni ya makala haya ni kuzifuata jitihada za jamii za pwani na nchi za jirani katika jambo hili, na kuyachukua maneno kuwa ushahidi pamoja na matukio.

Yafaa kuanza na neno uraibu, ambalo siku hizi limekuwa istilahi ya kitaalamu. Katika Kiswahili cha zamani uraibu haukuwa ugonjwa. Ulikuwa ni tambuu, popoo, chokaa na tumbaku, vitu vya kutafuna vilivyowekwa katika kijaluba na kuletwa mbele ya mgeni. Kumnyima mgeni uraibu kulikuwa ni upungufu wa adabu. Kitu hicho kilikuwa na mahali pake, yaani barazani na arusini, kilikuwa na wakati wake, na zaidi ya yote kilikuwa na watu wa kukitazama kikitumiwa. Mazoea yalikuwapo, bali yalikuwa chini ya macho ya wenzi. Kwamba neno hilo hilo leo lataja hali ya mtu aliyeshindwa kuyatawala mazoea yake si ajali tupu ya lugha. Laonyesha kwamba watu wa kale walijua kuwa mazoea na ukarimu hukaa chombo kimoja, na kwamba kinachovitenga ni ulinzi wa jamii.

Ulevi, kwa upande wa pili, ulihukumiwa mapema. Dini ya Kiislamu iliukataza, na mlevi alihesabiwa kuwa mtenda kosa. Hapa sarufi yatoa funzo. Katika mlevi, mtu ndiye mtenda: yeye amelewa, na lawama ni yake. Lakini katika maneno dawa za kulevya, kitenzi kimetiwa usababishi, na mtenda sasa ni dawa. Mtu amekuwa mtendwa. Hata hivyo maneno hayo yamebeba ukinzani ndani yake, kwa kuwa dawa ni kitu cha kuponya. Msemaji wa Kiswahili hana budi kutaja tiba kila anapotaja sumu.

Miongoni mwa dawa za namna hiyo, bangi na afyuni zilijulikana pwani tangu zamani kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Afyuni iliitwa pia kasumba, neno linalofanana na kasumbo la Kigujarati, yaani kinywaji cha afyuni. Wakati wa kupigania uhuru na baada yake, kasumba ilihama kutoka duka la mwuza dawa hadi jukwaa la siasa, ikawa ni mawazo ya kigeni yaliyomlevya mtu hata akajidharau. Maana ya kwanza ikafifia. Basi afyuni ilipokuja tena pwani kwa sura ya heroini, neno la kale lilikuwa limekwisha pata kazi nyingine, na jina jipya likahitajiwa.

Ama maradhi ya akili, lugha iliyaeleza tangu mwanzo kwa jamii isiyoonekana. Wazimu ni jamaa ya mzimu. Majununi ni mtu aliyepatwa na jini. Kwa imani hiyo mgonjwa hakuwa mwenye kosa, bali alikuwa amekaliwa. Tiba ya kupunga pepo ilifanywa kwa ngoma, mbele ya watu, na kwa gharama ya jamaa. Kila kabila ya pepo ilikuwa na chama chake, na aghalabu mtu aliyetibiwa aliingia katika chama hicho akahudhuria ngoma za wengine. Mtu aliyejiweka chini ya uganga aliitwa mteja. Haifai kuisifu desturi hii kupita kiasi: iliwagharimu maskini mali nyingi, na wako wagonjwa waliofungwa kwa minyororo huku wakingojea nafuu isiyokuja. Lakini ilikuwa na jambo moja ambalo halikuonekana tena kwa miaka mingi: mgonjwa alitibiwa katikati ya watu wake, na baada ya tiba alipewa nafasi ya kuwasaidia wengine.

Utawala wa kigeni ulileta nyumba za kuwatenga wagonjwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika zama za Wadachi, wamisionari waliwapokea wagonjwa wa akili huko Lutindi katika milima ya Usambara, mahali palipokuwa makazi ya watoto waliokombolewa utumwani. Nairobi ilipata nyumba yake mwaka 1910, nayo baadaye ikaitwa Mathari. Waingereza walifungua Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Na karibu yake ikawapo Isanga, kwa ajili ya wagonjwa waliopelekwa kwa amri ya mahakama. Unguja, mahali pa kazi hiyo pakawa Kidongo Chekundu. Nyumba hizi ziliwapa wengine chakula, usalama na baadaye dawa, wala si haki kuzikanusha. Lakini zilikuwa mbali, na mlango wake ulifanana na wa gereza. Ushahidi wa jambo hili umo katika mazungumzo ya kila siku: Mathari, Mirembe na Kidongo Chekundu yalikuwa majina ya mahali, yakawa matusi. Kumwambia mtu kwamba yafaa apelekwe Mirembe ni kumwambia kwamba neno lake halina haja ya kujibiwa.

Baada ya uhuru palifanywa juhudi ya kumrudisha mgonjwa kwa watu. Mfano mmoja ulikuwapo Nigeria, ambako mwaka 1954 daktari Thomas Adeoye Lambo aliwaweka wagonjwa wa Aro, Abeokuta, katika vijiji vya jirani pamoja na jamaa zao. Tanzania nayo ilianzisha vijiji vya kilimo kwa wagonjwa wa akili, kama Hombolo karibu na Dodoma na Vikuruti karibu na Dar es Salaam. Mgonjwa alilima, alifuga, alijifunza kazi ya mikono, na hakukatwa na wanakijiji. Wazo hilo lilikuwa la siasa ya zama zile, yaani kwamba kazi na ujirani ni sehemu ya utu. Lakini hapana shaka lilikuwa pia ni wazo la kale la pwani katika vazi jipya.

Katika miaka ya 1980 heroini iliingia katika miji ya pwani, Mombasa, Malindi, Unguja na Dar es Salaam, kwa kuwa pwani hii ilikuwa imekuwa njia ya kupitishia dawa kutoka Asia. Watu waliita unga, jina la chakula cha kila siku, na maumivu ya kuukosa wakayaita arosto. Serikali zilijibu kwa sheria: Kenya mwaka 1994, Tanzania mwaka 1995, na kwa Tanzania Bara sheria nyingine mwaka 2015 iliyoongeza nguvu za mamlaka. Sheria hizi ziliwalenga wafanya biashara, lakini mkono wake ulimfikia kwa wepesi zaidi mtumiaji, kwa maana yeye ndiye aliyeonekana njiani.

Ndipo lilipoenea neno teja. Kwa umbo lake ni mteja aliyevuliwa kiambishi chake cha watu, akatiwa katika ngeli ya ji- na ma-, ngeli ambayo Kiswahili huitumia kwa ukubwa na kwa dharau, kama vile mtu anavyokuwa jitu. Mteja ni mtu mwenye haki mbele ya mwuzaji, tena ni mgonjwa mbele ya mganga. Teja hana haki kwa yeyote. Lakini sarufi haikukubali kumfukuza kabisa. Msemaji asema teja huyu amelala, mateja hawa wamekuja. Hasemi teja hili wala mateja haya. Upatanisho wa viumbe wenye uhai umebaki. Jina limemtoa katika jamii ya watu, na kitenzi kimemrudisha.

Kazi ya kumrudisha kwa vitendo ilianzwa na watu wa kawaida kabla ya serikali. Malindi, mwaka 1995, ulianza mradi wa Omari, uliowahudumia watumiaji wa heroini katika mji wao wenyewe. Unguja, mwaka 2009, ilianzishwa nyumba ya kwanza ya watu walioacha dawa, ikifuata mafunzo yaliyotoka Detroit na hatua 12 za chama cha walevi waliojirekebisha, kilichoanza huko Akron, Marekani, mwaka 1935. Waendeshaji wake walikuwa watu waliokwisha kutumia dawa wenyewe. Nyumba hizo zikaenea Unguja, Pemba na Bara, na kwa Kiswahili zikaitwa nyumba za upataji nafuu.

Jina hilo lastahili kutazamwa. Lingeweza kutumiwa neno kupona, nalo ni fupi na lajulikana na wote. Lakini aliyepona amemaliza. Aliyepata nafuu yungali na safari. Kila aliyemwuguza mtu nyumbani ajua tofauti hiyo, na ajua kwamba jibu la adabu kwa anayeuliza hali ya mgonjwa ni kwamba amepata nafuu. Fundisho la hatua 12, kwamba mtu huacha ulevi siku kwa siku wala hajitangazi kuwa amepona, lilipofika Unguja lilikuta neno lake likimngojea. Vile vile desturi ya aliyesaidiwa kuwasaidia wengine haikuwa ngeni katika mji uliovijua vyama vya ngoma.

Serikali nazo zilibadili mwendo. Mwezi Februari 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, inayozuia arosto bila kumlevya mtu aliyeizoea. Mwananyamala ilifuata mwaka 2012, Temeke 2014, na Kidongo Chekundu 2015. Kenya ilianza Mathari mwezi Desemba 2014, kisha Malindi 2015. Tazama mahali palipochaguliwa: Mathari na Kidongo Chekundu, majina yaliyokuwa matusi, yakawa milango ya watu wanaokuja kwa miguu yao kila asubuhi na kurudi makwao. Lakini mtu hafiki kliniki peke yake. Vikundi vya jamii, na ndani yake watu waliowahi kutumia dawa, ndivyo vilivyokwenda maskani, kuketi na watumiaji, kuwaeleza na kuwafuatana hadi hospitali. Maskani ni neno la makazi. Waliokwenda huko walikwenda kama wageni wanaobisha hodi, si kama askari wanaovamia.

Pamoja na mabadiliko hayo wataalamu wametoa istilahi: mraibu mahali pa teja, afya ya akili mahali pa wazimu, na sonona kwa huzuni iliyokuwa maradhi. Wako wasemao kwamba hii ni kazi ya karatasi, kwani jina jema halimlishi mtu wala halimzuii kurudia unga. Hoja hiyo ina ukweli. Neno mraibu laweza nalo kuwa tusi kesho, kama yalivyokuwa majina ya hospitali, ikiwa jamii itabadili ulimi na kuacha moyo ulivyo. Lakini historia iliyoelezwa hapa yaonyesha pia kinyume chake. Mtu anayeitwa teja na jamaa zake husita kuwaomba nauli ya kwenda kunywa methadoni, maana kuomba ni kukiri jina. Na kliniki iliyo mbali na nauli ni kliniki isiyokuwapo. Mama asiye na neno la kutaja sonona ya mwanawe ila wazimu humficha ndani mpaka wakati upite.

Kwa hiyo kazi ya mwanaisimu katika jambo hili si kubuni maneno tu na kuyaweka kamusini. Ni kusikiliza kwanza maneno ambayo wenye shida na wauguzi wao wamekwisha kuyachagua, kama walivyochagua nafuu bila kamati yoyote, na kuyapa maneno hayo heshima ya kuwa istilahi. Istilahi iliyozaliwa na watu wanaoketi pamoja na mgonjwa yaweza kudumu kuliko iliyozaliwa ofisini, kwa kuwa kabla haijaandikwa imekwisha kutumiwa kumwita mtu naye akaitika.