Nuru Ipenyayo Msuli

Mtu akifumbata kurunzi gizani, vidole vyake hung'aa kama kaa la moto. Sababu yake ni kwamba nuru nyekundu hupenya nyama, hali rangi nyingine humezwa na damu. Jambo hili, ambalo kila mtoto amelichezea, ndilo chimbuko la habari yetu.

Mwaka 1864 mtaalamu wa Cambridge, George Stokes, alionyesha kwamba damu hubadilika rangi kwa kupata au kupoteza oksijeni. Ikiwa nayo hung'aa. Ikiikosa hufifia na kuelekea zambarau. Basi aliyeweza kuisoma rangi hiyo angeweza kujua hali ya damu bila kumchoma mtu sindano. Lakini nani angeisoma ndani ya msuli ulio kazini?

Glenn Millikan, Mmarekani, alithubutu. Mwaka 1937 alitangaza majaribio aliyoyafanya juu ya msuli wa mguu wa paka. Aliupitishia nuru, akaufanya ujikaze, na mara akaona rangi inageuka: akiba ya oksijeni iliyomo msulini ilianza kupungua punde kazi ilipoanza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitengeneza chombo cha kubanwa sikioni mwa marubani, maana huko juu hewa ni haba, na mtu huweza kuzimia asijue kinachompata. Alifariki mwaka 1947 kwa ajali alipokuwa akipanda majabali huko Tennessee.

Ikapita miaka thelathini. Mwaka 1977 Frans Jöbsis, wa Chuo Kikuu cha Duke, alionyesha kwamba nuru iliyo ng'ambo kidogo ya wekundu, ambayo jicho haliioni, hupenya hata ngozi na mfupa wa kichwa. Sasa hapakuwa na haja ya kupasua chochote.

Britton Chance aliyeiendeleza kazi hiyo kwa wanamichezo alikuwa mwanamichezo mwenyewe: alipata medali ya dhahabu ya mashua za tanga katika Olimpiki ya Helsinki, mwaka 1952. Miaka arobaini baadaye, yeye na wenzake walifunga taa na vipokea-nuru juu ya mapaja ya wapiga makasia. Waliona oksijeni ikishuka wakati wa kazi na kurudi wakati wa kupumzika. Na kadiri juhudi ilivyokuwa kubwa, ndivyo ilivyochelewa kurudi. Uchovu ukapata mstari wake juu ya karatasi.

Hata hivyo nuru haipiti bure. Mafuta yaliyo chini ya ngozi huipotosha, na weusi wa ngozi humeza sehemu yake. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walichunguza chombo cha kidoleni, ambacho ni ndugu wa hiki cha msuli. Wakagundua kwamba upungufu wa oksijeni ulifichika kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Chombo kilikuwa kimetumika hospitalini kwa miongo kadhaa. Mkimbiaji wa Iten akifungiwa taa hiyo pajani leo, kwanza na aulize ilijaribiwa juu ya ngozi za akina nani.