Ulimi Mzito Chuoni: Kiingereza na Wanafunzi wa Dar es Salaam

Chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Wanafunzi wale walitoka sekondari chache za enzi za ukoloni, na Kiingereza walikuwa wamekizoea.

Mwaka 1967 njia ziligawanyika. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilipoanza, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi. Mtoto wa Tandika au Manzese akajifunza hesabu kwa lugha anayoiota usiku. Sekondari zikabaki na Kiingereza. Akiingia kidato cha kwanza, mtoto yuleyule akakuta fizikia, historia na jiografia zimebadilika lugha zote kwa mpigo.

Tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta iliuona ufa huo. Mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kidato cha kwanza mwaka 1985, kisha kifike vyuo vikuu mwaka 1992. Serikali haikukubali.

Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wa ngazi mbalimbali. Miongoni mwa wale wa chuo kikuu, chini ya asilimia 20 walikuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kusoma kwa wepesi hata vitabu rahisi vya masomo yao. Kama kusoma kulikuwa hivyo, kuzungumza kungekuwaje?

Vyuo vimeongezeka tangu hapo. Chuo Kikuu Huria kina makao yake Kinondoni. Chang'ombe, wilayani Temeke, Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu kilianzishwa mwaka 2005 palipokuwa na chuo cha ualimu. Ulimi bado ni mzito. Siku ya presentesheni, mwanafunzi hukariri aya zake usiku kucha, asubuhi akazisoma bila kuinua macho. Akichapia neno moja, nyuma vicheko. Akiulizwa swali, anajibu kwa sentensi mbili na kuketi. Jioni, kwenye disikasheni chini ya mti, huyohuyo anaichambua mada ileile kwa Kiswahili mpaka wenzake wanaandika anayosema. Kisha anapanda daladala kurudi Mbagala, ambako kondakta, mama lishe na wazazi wote wanazungumza Kiswahili.

Akili anayo. Alichokosa ni miaka ya kuzungumza, kwani mitihani ilimdai kuandika tu.

Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliruhusu lugha zote mbili kufundishia, lakini mihadhara na mitihani ya vyuo vikuu, nje ya masomo ya Kiswahili, imebaki kwa Kiingereza. Basi, wakati pendekezo la Makweta likisubiri, wahadhiri wawape wanafunzi nafasi ya kuzungumza kila wiki bila kuwekewa alama, na wanafunzi waache kuchekana. Serikali nayo ipeleke shule za msingi walimu wanaokimudu Kiingereza, kwa sababu kazi ya kufundisha kuzungumza haiwezi kuanzia mwaka wa kwanza wa chuo.