Anayeshika Usukani na Anayelipa

Mwishoni mwa Mei 1953 magari yaliondoka Morogoro kwenda kushindana na barabara. Mengine yaliondokea Nairobi, mengine Kampala. Hizo zilikuwa mbio za kwanza za Coronation Safari, zilizoandaliwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na magari yenyewe yalikuwa ya kawaida kabisa, ya aina ile ile ambayo mtu aliinunua dukani na kwenda nayo kazini.

Watu wa Ifakara hawakuhitaji kusimuliwa barabara za namna hiyo. Wakati ule Ifakara ilikuwa chini ya wilaya ya Ulanga, makao makuu yake Mahenge, ng'ambo ya mto, na masika yakishika, Mto Kilombero ulikuwa ukimwaga maji mbugani mpaka bonde likageuka ziwa. Lori likiingia kwenye mfinyanzi mweusi halizami mara moja. Kwanza tope hujibana kati ya tairi na madigadi, likajishindilia kidogo kidogo, mpaka gurudumu linagoma kuzunguka ilhali injini bado inanguruma. Utingo anashuka na panga, anakwangua, anatandika mabua ya mpunga na magunia mbele ya tairi, abiria wanashuka kusukuma, lori linasogea hatua chache, kisha kazi inaanza upya. Mbio za Safari, zilipohamishiwa sikukuu ya Pasaka, ziliitafuta adha hiyo hiyo kwa makusudi. Washindani walilipa ada ili waingie matopeni. Abiria wa Kilombero walilipa nauli.

Chanzo chake kinachekesha. Kenya ilikuwa na njia ya mbio za kuzunguka, Langa Langa, huko Bonde la Ufa. Neil Vincent, aliyekuwa akishindana pale, alimshawishi binamu yake Eric Cecil ashiriki. Cecil akakataa. Haoni raha ya kuzunguka pale pale siku nzima, alisema. Lakini yakiandaliwa mashindano ya kufunga mlango wa gari, kukata nusu ya Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika ndiye mshindi, yeye yumo. Basi wakati Ulaya inanogewa na Formula One, iliyoanza rasmi 1950 na magari yake ya kiti kimoja yenye magurudumu yaliyo nje ya bodi, Afrika Mashariki ikachagua tope.

Ila kuna jambo lililokuwa moja huku na huko. Kabla ya msimu kuanza, lazima ijulikane nani atakaa usukani, na nani atalipa. Kila mwaka mashabiki wa Formula One huchambua uhamisho wa madereva kama sisi tunavyochambua usajili wa Simba na Yanga, na mara nyingi jibu la swali la kwanza hupatikana ndani ya swali la pili. Kwetu hayo tuliyaona mapema.

Katika miaka ya 50 na 60 aliyelipa alikuwa muuza magari. Wakala wa Volkswagen, wa Peugeot au wa Ford alijua kwamba gari likimaliza Safari, baada ya Pasaka wateja watakuja wenyewe. Timu ilikuwa duka na gereji yake, na dereva alitafutwa miongoni mwa watu waliokuwa karibu: fundi, meneja, mkulima mwenye mkono mwepesi. Ndivyo Tanzania ilivyopata bingwa. Bert Shankland, Mskoti aliyefanya maisha yake Dar es Salaam, alishinda 1966 akiwa na msoma ramani wake Chris Rothwell katika Peugeot 404, akarudia 1967. Gari la aina hiyo hiyo lilikuwa limeshinda 1963 na likashinda tena 1968, mikononi mwa Nick Nowicki na Paddy Cliff wa Kenya. Miaka hiyo miwili mvua ilikuwa kali kiasi kwamba yalimaliza magari 7 tu kila mara. 1968 yalianza 93. Tangazo gani la redio lingeiuzia Pijo sifa kama ile? Kwa miaka mingi baadaye barabara zetu zilijaa Pijo za abiria, na waliozipanda hawakuwa na haja ya kuambiwa kwa nini.

Kisa kitamu kuliko vyote ni cha Joginder Singh. Mwaka 1964 Volvo walileta timu kutoka kiwandani, mambo yakawaendea mrama, wakaondoka na kuyaacha magari. Joginder, fundi mzaliwa wa Kericho, akalichukua moja lililokwisha kupigika, PV544, akalitengeneza, akapanda na mdogo wake Jaswant, wakashinda Safari ya 1965. Kiwanda kimeshindwa na magari mapya, fundi wa Kenya kashinda na kuukuu lao! Baada ya hapo hakutulia kwa mwajiri mmoja. Mwaka 1970 alikuwa ndani ya Datsun. Mwaka 1974 akaja na Mitsubishi Lancer, kigari ambacho wengi hawakukitilia maanani, akamwacha nyuma Björn Waldegård na Porsche yake. Akashinda tena 1976. Wengine walingoja timu iwachague. Yeye alichagua gari.

Tusiipambe mno enzi hiyo. Usukani ulikuwa wa Wazungu na Wahindi wenye duka, gereji au shamba. Waafrika waliojaza kingo za barabara walikuwa mashabiki, mafundi wasaidizi na wasukumaji. Miaka mingi ilipita kabla ya Patrick Njiru wa Kenya kushika nafasi ya 4 katika Safari ya 1994 akiwa na Subaru, na hata yeye alihitaji mkono wa kampuni ya Kijapani.

Mlango kwa madereva wa nje ulifunguka 1972. Ford walikuja na Escort, wakamkalisha usukani Hannu Mikkola wa Finland, na Gunnar Palm wa Sweden akisoma ramani. Wakashinda, wageni wa kwanza kutoka ng'ambo kufanya hivyo. Mwaka uliofuata Safari ikaingizwa kwenye ubingwa wa dunia, na kuanzia hapo mkubwa wa kuamua alikuwa kiwanda, si wakala wa mtaani. Mwenyeji aliweza kuchaguliwa, tena akang'ara: Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye familia yake ilikumbwa na amri ya Idi Amin ya kuwafukuza Waasia mwaka 1972, alishinda 1973 akiwa na Datsun 240Z, kisha akashinda minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Lakini kiti chake kilitoka Japani.

Na barabara nayo ikahama. Kuanzia 1974 mbio zilibaki Kenya, zikaitwa Safari Rally tu, na Tanzania ikatoka kwenye ramani yake. Sikumbuki mzee yeyote wa bondeni aliyelia kwa hilo. Pesa za aina nyingine zilikuwa zinaingia Kilombero wakati huo huo: Wachina walikuwa wanatandika reli ya TAZARA kupitia Kidatu, Mang'ula, Ifakara na Mlimba, wakapasua milima kuelekea Makambako, na 1976 wakaikabidhi ikiwa na urefu wa kilomita 1,860. Kwa mara ya kwanza mtu wa Ifakara aliweza kufika Dar es Salaam katikati ya masika bila kushika koleo. Lami ya kutoka Kidatu hadi Ifakara, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, ilisubiri karne hii.

Mkoa wa Morogoro, kwa kweli, unaelewa udhamini kuliko inavyodhaniwa. Mtibwa Sugar, mabingwa wa ligi 1999 na 2000, walibeba jina la kiwanda kifuani kabla nembo za kampuni za simu hazijawa kawaida. Upande wetu wa mkoa, kiwanda cha sukari cha Kilombero, kilichoanza kusaga miwa mwanzoni mwa miaka ya 60, kilikuwa mali ya serikali mpaka 1998, Illovo wa Afrika Kusini walipochukua hisa nyingi. Miwa ile ile, trekta zile zile, getini bango jipya. Anayeielewa hiyo hapotei katika Formula One.

Huko, hadi mwaka 1967, magari yalipakwa rangi za mataifa: kijani ya Uingereza, nyekundu ya Italia, buluu ya Ufaransa. Kampuni za mafuta na matairi zilipoanza kubana mkono, timu zikaruhusiwa kuuza bodi ya gari kwa mtangazaji. Sifa za kuanzisha hupewa Lotus ya Colin Chapman na sigara za Gold Leaf. Wanaosema hivyo wanaisahau Afrika. Siku ya kwanza ya Januari 1968, Kyalami, Afrika Kusini, John Love wa Rhodesia aliingia uwanjani na Brabham iliyovalishwa rangi za sigara za Gunston, miezi kadhaa kabla ya Lotus kujitokeza na Gold Leaf kwenye mbio za Formula One huko Hispania. Ubaguzi ulikuwa umetawala nchi zote mbili, ya dereva na ya uwanja, kwa hiyo si jambo la kutembea nalo kifua mbele. Ila historia ndiyo hiyo.

Timu inayofaa kufuatiliwa na msomaji wa Ifakara ni Sauber, kwa kuwa asili yake ni ya Waswisi, na Waswisi tunawajua: mapadri Wakapuchini, hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na Profesa Rudolf Geigy wa Basel aliyefika 1949 kutafiti magonjwa, mpaka maabara yake ikazaa Taasisi ya Afya Ifakara. Kituo cha mafunzo alichokianzisha hapa mwanzoni mwa miaka ya 60 kililipiwa na viwanda vya kemikali vya Basel. Sauber nao, wa Hinwil karibu na Zürich, wameishi kwa pesa za watu. Mbio zao za kwanza za Formula One zilikuwa Kyalami 1993, ambako JJ Lehto alimaliza wa 5. Hiyo pia ndiyo mara ya mwisho Formula One kukanyaga Afrika. Tangu hapo timu imebadili kanga mara nyingi. Mwaka 2006 ikawa BMW Sauber. Wajerumani wakajitoa mwisho wa 2009, Peter Sauber akairudisha mikononi mwake. Mwaka 2019 ikaitwa Alfa Romeo, ingawa magari yaliundwa Hinwil vile vile. Mwaka 2024 ikabeba jina la Stake, kampuni ya kamari, na katika nchi zinazokataza matangazo ya kamari jina hilo likafichwa. Hilo la kamari kifuani halitushangazi. SportPesa walizivalisha Simba na Yanga kwa pamoja 2017. Msimu wa 2026 Sauber wanaingia kama Audi, madereva wakiwa Nico Hülkenberg na Gabriel Bortoleto, na jina la mzee aliyeianzisha limeondolewa ubaoni.

Katika timu hiyo hiyo Sergio Pérez alianza mwaka 2011, akifuatana na nembo ya Telmex, kampuni ya simu ya Mexico. Walimwita dereva wa kununuliwa kiti. Baadaye akashinda mbio akiwa na Red Bull, wakamwacha mwisho wa 2024, na sasa amepewa usukani pamoja na Valtteri Bottas katika Cadillac, timu ya 11 iliyoongezwa 2026. Aliyechukua nafasi yake Red Bull, Liam Lawson, alikaa mbio mbili tu mwanzoni mwa 2025 kabla ya kubadilishwa na Yuki Tsunoda, ambaye naye kampisha Isack Hadjar. Kuna makocha wa ligi yetu waliodumu zaidi. Lewis Hamilton kwenda Ferrari 2025 ndiyo ilikuwa habari kubwa ya uhamisho, lakini yule ni bingwa mara 7, angepata kiti popote. Ukitaka kujua pesa inavyofanya kazi, watazame walio mkiani.

Sasa nchi zenyewe zimekuwa wadhamini. Desemba 2024 wakuu wa FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, walipokutana Kigali, Rais Paul Kagame alitangaza mbele yao kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio za Formula One. Rwanda si mgeni wa biashara hii. Tangu 2018 mwaliko wa utalii wake ulionekana kwenye mkono wa jezi ya Arsenal. Afrika Kusini nayo inataka Kyalami irudi. Msimu wa 2026 una madereva 22, na hakuna aliyezaliwa Afrika. Mwaka 1966 gari lilitoka Ufaransa na dereva akatoka Dar es Salaam. Ombi la Kigali likikubaliwa, gari litatoka Ulaya, dereva atakuja nalo, na sisi tutauziwa tiketi.