Kuku wa Sate na Sosi ya Karanga: Safari Ndefu Hadi Jikoni Kwetu



Leo tunaingia jikoni na sate: kuku aliyekatwa vipande vidogo, akaroekwa viungo, akachomwa kwenye vijiti na kuliwa na sosi nzito ya karanga. Mtu wa Unguja akiiona atasema, "Mbona huu mshikaki?" Wala hakukosea. Ila mshikaki huu kwao ni kisiwa cha Java, Indonesia, kwa ndugu zetu Waislamu, na historia yake inatugusa watu wa visiwa kuliko tunavyodhani.

Tunawaandikia hasa mabibi harusi. Mwari akikaribia kuolewa huambiwa: jifunze pilau na biriani, mapishi ya kigeni waachie wenyewe. Akifika kwa wakwe huambiwa: hapa hatupiki kama kwenu. Kati ya maneno hayo mawili mtoto wa watu hajui ashike lipi. Basi tuitazame sahani hii moja imepita wapi.

Karanga zilitoka mbali

Karanga asili yake ni Amerika ya Kusini. Kabla ya mwaka 1492 hazikujulikana Afrika wala Asia. Wareno ndio waliozileta Afrika, na Wahispania walikuwa wakivuka bahari ya Pasifiki kati ya Acapulco na Manila tangu mwaka 1565, wakibeba mazao ya huko kuyaleta Asia. Pilipili nayo ilitoka upande huohuo wa dunia. Sisi Waswahili tulikuwa na njugu mawe zetu za Kiafrika, na karanga zilipofika tukaziita njugu nyasa. Mgeni alipewa jina la ukoo.

Nyama ya kijitini nayo ina safari yake. Wanahistoria wengi wanaona kwamba sate ilishika Java katika karne ya 19, na kwamba wafanyabiashara Waislamu kutoka India na Arabuni walichangia, maana kebabu walikuwa nazo. Wenyeji wakaongeza ya kwao: mchaichai, ukwaju, sukari ya mnazi. Ndiyo maana sate na mshikaki wetu wanafanana kama watoto wa mama mkubwa na mama mdogo.

Karafuu yetu, kwao Maluku

Karafuu, fahari ya Unguja na Pemba, asili yake ni visiwa vya Maluku, hukohuko Indonesia. Kampuni ya Waholanzi iliyotawala biashara ya viungo ilikata mikarafuu ya wenyeji kwenye visiwa vingi ili bei isishuke. Mwaka 1621 watu wa visiwa vya Banda waliuliwa kwa maelfu kwa sababu ya kungumanga. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre akafanikiwa kupata miche ya karafuu na kuipeleka Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 karafuu ikafika Unguja. Mashamba yakatanuka enzi za Sayyid Said, na waliolima na kuchuma wengi wao walikuwa watumwa. Tunapotia karafuu mbili kwenye chungu, tukumbuke kwamba harufu hii nzuri ililipiwa na watu wa pande zote mbili za bahari.

Waliochukuliwa kwa nguvu

Waholanzi hao hawakuhamisha viungo tu, walihamisha na watu. Waliwapeleka Cape, Afrika Kusini, watumwa na wafungwa kutoka visiwa vya Indonesia, India na kwingineko. Sheikh Yusuf wa Makassar alifikishwa huko mwaka 1694. Mwaka 1780 akaletwa Tuan Guru, mtoto wa ukoo wa kifalme wa Tidore, mojawapo ya visiwa vya karafuu. Akiwa mfungwa kisiwa cha Robben aliandika Qur'an kwa kichwa. Baadaye akawa imamu wa kwanza wa Msikiti wa Auwal, Bo-Kaap, ulioanzishwa mwaka 1794 kwenye mali ya familia ya Saartjie van de Kaap, mwanamke wa Kiislamu. Jina lake linatajwa hadi leo kila msikiti huo unapotajwa.

Na jikoni je? Huko Cape nyama ya kijitini inaitwa sosatie, na jina lenyewe linasema limetoka wapi. Waliopika humo ndani majina yao hayakuandikwa. Walikuwa kwenye nyumba za mabwana, hawana uhuru hata wa miili yao, lakini ladha ya kwao na dini yao vikawafikia wajukuu.

Mwaka 1890 Wajava wa mwanzo walifikishwa Suriname, Amerika ya Kusini, kufanya kazi za mkataba mashambani. Wakapika sate huko, na sosi ya karanga ikarudi bara lilelile karanga zilikoanzia. Waholanzi wenyewe huiita pindasaus, na neno pinda limetokana na Kikongo, mpinda. Ndani ya bakuli moja kuna Amerika, Afrika na Asia.

Tunavyopika nyumbani

Kuku kilo 1 asiye na mifupa, paja ni bora. Mroweke saa 2 au zaidi kwa thomu, tangawizi, mchaichai uliotwangwa, gilgilani na bizari nyembamba za unga, manjano kijiko kidogo, chumvi, sukari kidogo na mafuta. Vijiti virowekwe maji nusu saa visiungue. Choma juu ya makaa yaliyotulia, ukipaka mafuta kwa bua la mchaichai, mpaka aive hadi ndani.

Sosi: karanga robo kilo, zikaange, zimenye, uzisage. Zenye ukungu au uchungu zitupe, huenda zina sumukuvu. Kaanga kitunguu, thomu na pilipili, tia karanga, tui zito kikombe 1, ukwaju, sukari guru na chumvi. Koroga moto mdogo mpaka mafuta yaelee juu. Ukipenda kutia sosi ya soya soma maandishi ya chupa kwanza, nyingine huongezwa pombe. Na wageni waulize kabla, wapo wanaodhurika na karanga.

Java huliwa na wali uliopikwa ndani ya majani, tango na kitunguu kibichi. Kwetu wali wa nazi unatosha, na mkate wa ufuta ndio kabisa.

Kwa hiyo mwari wetu, ukiambiwa mapishi haya si ya kwetu, jibu kwa adabu kwamba hata karafuu ya kwenye pilau ilikuja na jahazi. Na ukiingia kwa wakwe, jifunze chungu cha mama mkwe kwa heshima, kisha siku moja mwombe ruhusa umpikie cha kwenu. Wenzetu walioondolewa makwao kwa minyororo hawakuacha vyao. Wewe uliyeondoka kwa dua na vigelegele usikubali kuviacha.

Allah atujaalie nyumba zenye baraka na riziki ya halali. Amin.