Watakatifu wa Karatasi wa Lecce

Kusini kabisa mwa Italia, pale nchi hiyo inapoingia baharini mithili ya kisigino cha kiatu, upo mji wa Lecce, uliosifika tangu zamani kwa jiwe lake la rangi ya asali, laini linapotoka machimboni, ambalo wachongaji walilitumia kuzipamba nyuso za makanisa kwa maua, malaika na hayawani. Walakini jiwe, hata likiitii patasi namna gani, halichukuliki mabegani. Na katika karne ya 17 Kanisa Katoliki lilihitaji sanamu nyingi za watakatifu, za kuwekwa altareni na za kutembezwa njiani siku za sikukuu. Marumaru ilikuwa mbali na ghali, na mbao njema zilikuwa adimu. Basi mafundi wakaielekea karatasi, nao wakafanya kwayo kazi ambayo, kwa itikadi yangu, haistahili kuwekwa chini ya marumaru hata kidogo.

Mapokeo ya mji yanasema kwamba sanaa hii ililelewa katika vibanda vya vinyozi, watu wenye mikono myepesi, ambao mteja mmoja akiisha kuondoka na mwingine hajaja, waliketi kufinyanga sanamu. Miongoni mwa mabingwa wa awali ambao majina yao yamehifadhiwa ni Pietro Surgente, aliyeishi kati ya 1742 na 1827, na ambaye watu walimlakabu Fundi Pietro wa Makristo kwa wingi wa sanamu za Kristo alizozitengeneza.

Kazi yenyewe yataka saburi. Fundi huanza na kiunzi cha waya, akakivika majani makavu na kuyakaza kwa kamba hadi umbo la kiwiliwili lidhihirike. Kichwa, mikono na miguu mara nyingi huwa ya udongo uliochomwa. Kisha huchukua karatasi zilizolowana kwa gundi ya unga wa ngano iliyotiwa mrututu, maana bila sumu hiyo wadudu wangeila sanamu kabla waumini hawajaizoea, akazipanga tabaka juu ya tabaka na kuzikunja ziwe joho, shela na kanzu. Zikikauka, hufuata hatua ambayo naiona ndiyo roho ya ufundi wote: fundi hushika vyuma vilivyotiwa moto, akavipitisha juu ya karatasi, akiiunguza kiasi tu cha kuilainisha na kuyathubutisha makunjo ya vazi. Moto ukizidi, kazi ya siku nyingi huharibika. Ukipungua, vazi hubaki karatasi. Chokaa laini na rangi huja baadaye, zikaufunika ustadi huo usionekane.

Mgeni aingiaye kanisa la Santa Chiara mjini Lecce na kuinua macho hudhani dari ile ni ya mti ulionakshiwa, kumbe ni karatasi, iliyowekwa katika karne ya 18. Mwishoni mwa karne ya 19, zama za mafundi kama Giuseppe Manzo, sanamu za Lecce zilikuwa zikisafirishwa hata makanisa ya ng'ambo. Mwaka 2009 mji uliifungulia sanaa hii makumbusho ndani ya ngome ya Mfalme Karoli wa Tano, na karakana chache zingali zikichemsha gundi.