Pombe Inayobaki Tamu: Kimea, Muhogo na Lotoko ya Kisangani

Hapa Kisangani mtu akitaja pombe kali ya nyumbani, fikira zinakwenda mara moja kwa lotoko. Lakini lotoko ni mtoto tu. Mama yake ni pombe nzito ya muhogo na mahindi, inayochacha ndani ya pipa siku kadhaa kabla ya kuwekwa motoni. Pombe hiyo ikikataa kuiva, ikabaki nzito na tamu, lotoko inatoka kidogo sana. Muhogo umepotea, kuni zimepotea, na franga ya masomo ya watoto vilevile.

Watu wa msitu walikuwa na mvinyo wa mitende tangu zamani. Ule haumsumbui mtu: maji ya mtende yana sukari tayari, na yanaanza kuchacha saa chache tu baada ya kugemwa. Muhogo na mahindi ni wageni kutoka Amerika, walioletwa na Wareno. Ndani yake mna wanga, si sukari, na chachu haili wanga. Ndiyo maana lazima kuwe na kimea: mahindi yaliyoloweshwa mpaka yakaota, yakakaushwa na kusagwa. Kimea ndicho kinachogeuza wanga kuwa sukari.

Serikali ya kikoloni haikupenda kazi hii. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana biashara ya vileo vikali katika sehemu kubwa ya Afrika, na ule wa Saint-Germain wa 1919 ukakataza hata kuvitengeneza. Stanleyville, kama mji ulivyoitwa mpaka 1966, ilikuwa ndani ya eneo hilo. Hivyo lotoko ikawa kazi ya kujificha, na ujuzi wake ukapita toka mama kwa binti bila kuandikwa. Halafu vita ya 1998 mpaka 2003 ilipokata biashara ya mto na Kinshasa, pipa la nyumbani lilikuwa msaada kwa jamaa nyingi.

Sasa, kwa nini pombe inalala? Sababu ya kwanza ni joto la uji. Kimea kinafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 60 hadi 65. Ukikitia katika uji unaochemka, kinakufa, na wanga unabaki wanga. Sababu ya pili ni mahindi yenyewe. Kimea chake hakina nguvu yote ya kimea cha shayiri; kinaukata wanga vipande, lakini vingine vinabaki virefu na chachu haiwezi kuvila. Hapo povu linaisha na uzito unabaki. Sababu ya tatu ni haraka: mtu anaongeza sukari nyingi akitaka ukali. Sukari ikizidi, chachu inanyonywa maji na kuchoka. Na pipa kubwa lenye uji mzito linajipasha moto lenyewe. Likipita nyuzi 40, chachu inaumia.

Dawa iko katika kazi ya mama zetu. Katika kiwanda, bia inachemshwa kabla ya kutiwa chachu, na nguvu ya kimea inaishia hapo. Pombe ya nyumbani haichemshwi tena baada ya kutiwa kimea, kwa hiyo kimea kinaendelea kukata wanga huku chachu inakula. Pombe ikisimama, konzi ya kimea kibichi, maji kidogo ya uvuguvugu na machicha ya pombe iliyoiva vizuri vinaweza kuiamsha. Kiwandani wanapima uzito kwa kipimo cha kioo kinachoelea. Mama anapima kwa ulimi na kwa sikio: bado iko tamu? bado inalia?

Hatusifu ulevi, na lotoko iliyopikwa vibaya imeumiza watu. Lakini kuita kazi hii ujinga ni kosa. Hii ni elimu ya kweli, na wenye kuijua wanazeeka. Vijana, kaeni nao, ulizeni, andikeni.